Urithi Uliomruka Kifungua Mimba

Inatangazwa kwa wateja, majirani, mashemeji wa karibu na wa mbali, na wote wenye makochi yaliyobonyea, kwamba katika nyumba ya fundi makochi umeingia ugonjwa. Si ugonjwa wa ovyo, wa kupiga chafya leo na kesho mtu yuko kazini. Ni ugonjwa wa heshima, wa kurithi, wenye jina refu lisilokaa mdomoni, ambao madaktari wengi hustaafu bila kuuona kwa macho yao. Umeteremka na ukoo, ukapita sebuleni, ukatazama huku na huku, ukachagua mtu wa kuishi naye. Wote mnaombwa kumpa mgonjwa pole na heshima zake.

Mgonjwa si fundi makochi.

Hapo ndipo palipomkaa fundi kooni. Kama kulikuwa na mtu mwenye haki ya kuugua katika nyumba ile, alikuwa yeye. Mgongo wake ulianza kumsumbua angali kijana mwenye ndevu za kuhesabika, na tangu hapo haujampa likizo. Asubuhi aliamka mgumu kama ubao, akashuka kitandani kwa awamu, kama kabati linaloteremshwa ngazi. Kuinama kufunga viatu ilikuwa safari. Alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu: mkewe, mama yake, wateja, hata watu waliokuja kuuliza njia. Na kila mtu alimpa jibu moja, kwa upole uleule: ni mgongo tu, fundi, unabeba makochi mno.

Mgongo tu. Maneno hayo aliyachukia kuliko maumivu yenyewe.

Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, chumba kirefu chenye harufu ya gundi na mbao, sponji zimerundikwa mpaka darini, springi zimening'inia ukutani kama matumbo ya mnyama wa chuma. Huko ndiko alikojitengenezea kiti. Si kochi la mteja. Kiti chake mwenyewe, cha kuupumzisha huo mgongo tu. Fremu aliichagua kwa mkono. Springi alizifunga kwa kamba ya katani, kila moja kwa jirani zake wote, fundo juu ya fundo, ili mtu akikaa zimpokee pamoja bila kubishana. Mgongo wa kiti aliupandisha juu, mikono akaipa upana wa kuegemea unapoinuka, na juu ya yote akavalisha kitambaa cha rangi ya maziwa, kwa sababu alitaka watu waingiapo sebuleni waone kwanza kiti, kisha mwenye kiti. Mkewe alimwambia rangi hiyo ni ya watu wasio na jasho. Hakumsikiliza.

Kwa muda akawa mfalme. Kisha goti la mdogo wake likapasuliwa.

Mdogo wake alikuwa msusi, kitinda mimba wa nyumba ile, mwanamke wa kucheka kwa sauti na kusimama kutwa nzima nyuma ya vichwa vya watu. Yeye naye alikuwa na vimaradhi vyake, lakini vilikuja kwa mafungu, kila kimoja kivyake, hivyo hakuna aliyevijumlisha. Siku moja mawe kwenye figo. Siku nyingine kano ya kisigino ikakatika akikimbilia mvua isimkute na nguo kambani. Masikio yake yalikuwa yamepata rangi ya samawati iliyokolea, na yeye akasema ni dawa za kupaka nywele, zinaruka. Goti likaja mwisho. Lilipokataa kabisa kumsimamisha, wakamlaza mezani kulifungua, na daktari mpasuaji akasita na kisu mkononi. Gegedu inayofunika ncha za mifupa, ambayo kwa watu wengine ni nyeupe ya kung'aa, kwake ilikuwa nyeusi tii kama makaa.

Wakaitana. Hilo ndilo msusi alilolisimulia baadaye, na kila aliposimulia idadi ya walioitwa iliongezeka: madaktari waliacha chai, wanafunzi wakajipanga ukutani, mtu akatoka chumba cha pili na glovu zake kuja tu kuona. Goti lake lilipigwa picha nyingi kuliko bibi harusi. Picha moja akapewa, akaiweka kwenye simu, akawa anaionyesha kwa wageni baada ya chakula.

Ugonjwa ukapewa jina: alkaptonuria. Daktari wa kliniki, mama mmoja mtulivu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliwaita ndugu akawaeleza kwa lugha ya nyumbani. Mwili, alisema, ni kama karakana. Chakula chenye protini kinaingia, kinapita kwa fundi mmoja mpaka mwingine, kila mmoja anakivunja kidogo, mpaka hakibaki kitu. Kwa watu hawa fundi mmoja katikati ya mstari hajawahi kuja kazini tangu wazaliwe. Kazi inafika mezani kwake inarundikana. Nyingine hutoka na mkojo, nyingine na jasho, na inayobaki huzunguka mwilini mpaka itue kwenye gegedu, masikio, weupe wa jicho, na kuvitia weusi. Ndiyo maana mmoja ataanza na figo, mwingine na magoti, mwingine mgongo, mwingine hata vali za moyo. Kisha akasema jambo ambalo fundi makochi alilibeba mpaka nyumbani kama jiwe kwenye kiatu. Ugonjwa huu ni wa kurithi. Baba anatoa nusu, mama anatoa nusu.

Wa kurithi. Fundi hakulala vizuri.

Kwa sababu urithi una utaratibu wake. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyepewa karakana, nyundo, mkasi mkubwa na madeni. Yeye ndiye kifungua mimba. Yeye ndiye aliyekaa na mama. Sasa wazazi walikuwa na kitu kimoja adimu mwilini mwao, kitu ambacho madaktari wanaacha chai kwa ajili yake, na wamekiruka kichwa cha mkubwa wakampa kitinda mimba, ambaye tayari alikuwa amependelewa kwa meno mazuri.

Msusi alipotoka hospitali alihamia kwao hadi goti lipone. Mama yao, mwanamke mdogo wa umbo mwenye amri kubwa, akatazama sebule, akatazama goti, akatoa hukumu bila kikao. Kiti cha rangi ya maziwa ni cha mgonjwa. Fundi akauliza yeye atakaa wapi. Akaambiwa nyumba ya fundi makochi haiwezi kukosa pa kukaa. Akapewa kigoda.

Kuanzia hapo nyumba ikawa kama ofisi ya serikali siku ya mshahara. Wageni walikuja wamebeba matunda na maswali. Wateja wa saluni walikuja na nywele nusu, wakasukiwa palepale kitini. Kila aliyeingia alimkuta fundi kwanza, mlangoni kwenye kigoda, akamwomba apishe kidogo. Msusi alikuwa amejifunza kulitamka lile jina polepole, al-kap-to-nu-ria, akishusha macho mwishoni kama mtu anayetaja cheo bila kutaka makuu. Alisimulia goti, akasimulia masikio, akasimulia mkojo. Mkojo wangu ni mweusi jamani, alisema, na wageni wakaguna kwa heshima.

Fundi akaenda chooni kuchungulia wake. Ulikuwa wa njano, wa kawaida, wa aibu. Akavuta maji akarudi kwenye kigoda.

Mama naye alipata la kuchangia. Kila mgeni alisimuliwa ugomvi wake na mwenye duka la pembeni, ambaye zamani alimuuzia sabuni mbovu iliyozitia nepi weusi. Alizifua nyeupe, zikageuka rangi ya kahawa ndani ya beseni. Alimrudishia sabuni yake mbele ya watu, akahamia duka la pili, na huko nako wakamuuzia ileile, kwa maana wauza sabuni wote wanaelewana. Salamu na yule mwenye duka zilikatika siku hiyo, na mpaka leo akipita pale hugeuza uso. Wageni waliguna, mama akaridhika, na hakuna aliyeuliza nepi zenyewe zilikuwa za nani.

Wivu ulimgeuza fundi kuwa mkaguzi. Alianza kukikagua kiti chake kila jioni. Siku moja akakuta alama za kahawia juu, pale pa kuegemeza kichwa, na kwenye mikono, pale kiganja kinapolala. Akaita watu. Akaonyesha kwa kidole kama shahidi mahakamani. Dawa za nywele, alisema, zimeharibu kitambaa cha watu. Mkewe, ambaye alikuwa akichambua mboga, hakuinua hata kichwa. Alama zile, alisema, zilikuwepo kabla wifi hajahamia, na zinafanana sana na zilizopo kwenye mito, kwenye kola za mashati, na kwenye kigoda unachokalia sasa. Fundi akasema hizo ni rangi za kupaka mbao, anazifanyia kazi, zinaganda kwenye ngozi. Hata masikio yake yalikuwa na weusi wa rangi za mbao. Alikuwa ameyasugua kwa mafuta ya taa mara nyingi, akaacha.

Mchana mmoja alirudi kuchukua mkasi aliousahau, akamkuta mdogo wake peke yake sebuleni akijaribu kuinuka kitini. Mikono ilikuwa imeshika ile mbao pana aliyoichonga yeye, meno yameuma mdomo. Alinyanyuka nusu, akarudi. Akajaribu tena. Hakuwa na mgeni wa kumsimulia, hivyo hakukuwa na kicheko. Alipomwona kaka yake akafuta uso haraka akasema saluni ameipangisha, kwa sababu nani ataendesha saluni akiwa amekaa. Fundi alimpa mkono akamwinua. Alisikia uchungu kwa ajili yake, kweli kabisa, kwa muda wa kutoka kitini mpaka mlangoni. Baada ya hapo kijicho kikarudi kimeleta mwenzake: mtoto huyu hata kuteseka anateseka vizuri. Yeye akiinuka vile, watu husema amezeeka.

Daktari alikuwa ameagiza ndugu wapimwe, na fundi aliisubiri siku hiyo kama mtu anayesubiri kesi ya shamba. Walikwenda watatu, yeye, msusi na mama. Maabara ilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu wenye mabenchi ya chuma, na mtu wa maabara, kijana mwenye sauti isiyojua kunong'ona, alimpa kikopo na kumwelekeza choo.

Humo chooni fundi makochi alitazama kilichotoka, akaona njano. Njano ileile ya wanyonge. Akafikiria kigoda. Akafikiria kurudi ukumbini, mdogo wake akimwangalia kwa huruma, na daktari akisema kwa upole wake: wewe ni mgongo tu. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa alichokuja nacho kutoka karakana, kwa maana hakuwa mtu wa kuacha mambo yajiendee, akadondosha rangi ya mbao ndani ya kikopo. Akatikisa. Ukapata weusi mzuri, mzito, wenye kina. Aliutazama kwa fahari ya fundi aliyemaliza kazi, akakikabidhi kikopo kwa mikono miwili.

Hawakukaa sana kwenye benchi. Mtu wa maabara alitokea mlangoni ameshika kikopo juu kama anayenadi.

"Mwenye huu mkojo ni nani? Kifuniko kimenata, nimekifungua kwa koleo."

Ukumbi mzima ukageuka. Fundi akainua mkono kidogo, kimo cha bega.

"Mzee wangu," kijana akasema, "huu unang'aa. Nikiupaka mlangoni, mvua haiingii."

Mama aliuliza mkojo umefanya nini. Msusi alimtazama kaka yake, akatazama kikopo, akatazama kucha za kaka yake zenye rangi ileile, na kicheko kikampanda kutoka tumboni mpaka akashika goti kwa mikono miwili kulituliza. Fundi akapewa kikopo kingine, na safari hii mtu wa maabara alisimama nje ya mlango wa choo ukiwa wazi. Kilichotoka kilikuwa cha njano, mtu wa maabara akakiinua kwenye taa, akasema sasa hiki ni mkojo, akakiweka kwenye meza na vingine vya kushughulikiwa kesho.

Walirudi nyumbani, mama katikati. Karibu na nyumba, mama alipotangulia kufungua geti, msusi alisimama akaegemea ukuta.

"Kaka. Umekwenda kughushi ugonjwa wangu?"

Fundi aliangalia viatu vyake, ambavyo kamba zake alikuwa hajazifunga kwa siku kadhaa.

"Nilitaka na mimi waniangalie mgongo."

"Si ungesema."

"Nimesema tangu hujaota meno ya ukubwa. Mnaniambia mgongo tu."

Msusi aliutazama ule mgongo. Alikuwa akikumbuka ni mara ngapi yeye mwenyewe amelisema neno hilo, huku akimpitishia sahani.

Jioni hiyo hakukikalia kiti. Aliketi kwenye kiti cha plastiki cha jikoni, mguu ameunyoosha, akasema kiti cha watu kiko wazi. Fundi akasema hatukaliani viti kwa huruma, akabaki kwenye kigoda. Wakala chakula hivyo, wagonjwa wawili wamejikunja pembeni kwa maumivu, na katikati ya sebule kiti kizuri kuliko vyote mtaani kikiwa kitupu. Mwishowe mke wa fundi aliweka bakuli la mboga juu yake.

Kesho yake simu ikapigwa kutoka hospitali. Wanamtaka fundi, na mama yake, na mdogo wake akiweza, leo hii, wasichelewe. Fundi alijua. Kughushi mkojo lazima kuna sheria yake. Alivaa shati jeupe la misibani, akamwambia mkewe mahali pa funguo za karakana, akaenda kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Mkewe alimwambia akifungwa aombe kazi ya magodoro.

Chumba cha daktari kilikuwa kimejaa. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wamejipanga ukutani, makoti meupe, madaftari kifuani. Kwenye meza, juu ya karatasi, kilikuwa kile kikopo cha pili. Ndani yake mlikuwa na weusi ambao fundi hakuutia yeye.

Akaapa hakukigusa. Mtu wa maabara, ambaye naye aliitwa, akamtetea: alikiacha mezani jana kikiwa cha njano, leo asubuhi akakikuta hivyo. Daktari akatikisa kichwa taratibu. Hivyo ndivyo ulivyo, alieleza. Unatoka wa njano kama wa mtu yeyote. Ukikaa kwenye hewa, unageuka. Kwenye choo cha kuvuta maji huwezi kuuona kamwe. Mdogo wake aliuona wake mweusi kwa sababu alikuwa amelazwa, na wa kwake ulikaa kwenye chombo. Na ukikutana na sabuni, daktari akaongeza, hugeuka upesi zaidi.

Mama alikuwa akisikiliza kwa heshima ya kawaida. Hapo akakaa wima.

Daktari akamgeukia akamuuliza kama watoto hawa walipokuwa wachanga aliwahi kuona nepi zao zikiwa na weusi. Mama alikunja upande wa mtandio wake, akaukunjua, akasema kwa sauti ndogo ambayo wanawe hawakuwahi kuisikia kwamba ndiyo, zilianza na huyu mkubwa. Kisha akauliza kama yule mwenye duka angali hai, akajijibu mwenyewe kwamba anajua yu hai, kwa sababu juzi tu alimgeuzia uso.

Daktari akavua miwani. Alimwomba fundi ageuze kichwa, na wanafunzi wakasogea kutazama masikio yake. Wakatazama weupe wa macho yake, ambamo mlikuwa na doa la kijivu alilolidhania vumbi la msasa. Wakamwomba ainame, naye akainama kadiri alivyoweza, yaani kidogo sana, na kwa mara ya kwanza maishani kulikuwa na watu wanaoandika. Mmoja akauliza kwa adabu kama anaweza kupiga picha. Fundi alihisi kitu kinavimba kifuani, akajua ni kile alichokililia kwa siku zote hizi, na akasubiri kiwe kitamu.

Lakini daktari alikuwa akiendelea. Vipimo vya uthibitisho vitakwenda maabara kubwa, alisema, ila yeye hana shaka. Mgongo huu haukutokana na kubeba makochi, ingawa kuyabeba kumeuharibu zaidi, na kuanzia leo hatanyanyua tena kitu kizito. Moyo utapimwa kila mwaka. Chakula kitapangwa upya. Dawa ipo, itaombwa, ila uharibifu uliokwisha kufanyika hautarudi nyuma. Kila neno lilipotua fundi alilipokea kama mtu anayekabidhiwa mzigo mlangoni akiwa amekwisha kusaini. Alitazama upande wa mdogo wake akitafuta ushindi wake usoni mwake. Msusi alikuwa akilia kimya, na mkono wake ulikuwa umeshika shati la kaka yake, chini karibu na kiuno, pale panapouma. Hakusema ni mgongo tu. Kwapani, kwenye lile shati jeupe la misibani, palikuwa na duara la kahawia, na hapakuwa na rangi ya mbao ya kusingiziwa.

Daktari akainuka. Wanafunzi wakanyooka. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba siku hii itaandikwa, kwamba katika kazi yake yote hajawahi kupata wagonjwa wawili wa ugonjwa huu chini ya paa moja. Kwamba familia hii imeipa elimu zawadi kubwa. Kwamba fundi ndiye wa kwanza kuzaliwa nao, na kwa hiyo historia ya ugonjwa katika nyumba hii inaanzia kwake. Na kwamba wote wawili watahitaji kukaa vizuri, kila mmoja na kiti cha mgongo mrefu na mikono ya kuinukia, kama kile ambacho amekisikia kikisifiwa. Akamuuliza fundi kama ana neno lolote la kusema.

Kila mtu akamgeukia. Kalamu zikasimama juu ya karatasi.

Fundi alitazama lile duara la kahawia kwapani.

"Cha pili nitakivalisha kitambaa cheusi."